Kuitunza Ngozi ya Wazee Wetu



Uzee huifanya ngozi kuwa nyembamba na kavu, na kidonda hukawia kupona. Kwa hiyo twawaomba mzee aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha apakwe mafuta ngozi ingali na unyevu.

Asiyeweza kujigeuza kitandani na ageuzwe kila baada ya muda wa saa 2, maana uzito wa mwili huzuia damu kupita, na nyama hufa. Mahali panapobadilika rangi au kuwa pagumu pasisuguliwe, bali muuguzi aitwe mapema.

Sisi wanachama huchanga fedha upesi mwenzetu afapo. Basi na tushike zamu za kumgeuza angali hai.