Baba, Mwana na Dansi ya Jikoni: Kulisoma Shairi Lenye Utata



Shairi lililotukutanisha jioni hii lina beti nne tu, mishororo kumi na sita. Theodore Roethke, mshairi wa Marekani, alilichapisha mwaka 1942, kisha akalitia katika diwani yake *The Lost Son* ya mwaka 1948. Linaitwa "My Papa's Waltz". Baba ananuka wiski. Anamshika mwanawe mdogo wakacheza dansi jikoni, sufuria zikaporomoka kutoka rafuni, mama akatazama kwa uso uliokunjamana. Mwishowe mtoto anapelekwa kulala huku ameng'ang'ania shati la baba.

Wasomaji wa shairi hili wamegawanyika kambi mbili. Wako wanaoona mzazi aliyetoka kazini akimchezesha mwanawe kwa furaha, na wako wanaoona mlevi anayemuumiza mtoto mbele ya mama asiyethubutu kusema. Darasani nimewasikia wanafunzi wakibishana juu yake kwa machozi, na sikuwalaumu. Aliyekulia katika nyumba ya pombe husikia katika beti hizi mambo ambayo jirani yake hayasikii, na masikio yake ni ushahidi pia.

Tuusogelee ubeti wa tatu. Mkono uliomshika mtoto una jeraha kwenye kifundo cha kidole. Kila hatua inapokosewa, sikio la mtoto linakwaruzwa na chuma cha mkanda. Sikio liko usawa wa kiuno cha baba; mshairi ametupa kimo cha mtoto bila kutaja umri wake. Na anayekosea hatua ni baba, lakini anayeumia ni mwana. Katika ubeti wa nne baba anapiga mapigo ya dansi juu ya kichwa cha mtoto, kwa kiganja kigumu kilichoganda udongo. Kiganja hicho ni cha mtu wa kazi, na ndicho hicho kinachotua kichwani. Ukimtetea baba utakitaja. Ukimshtaki utakitaja vilevile.

Wengine hukimbilia maisha ya mshairi ili wapate jibu. Ni kweli kwamba Roethke alizaliwa mwaka 1908 huko Saginaw, Michigan, na kwamba baba yake, Otto, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa na vitalu vikubwa vya maua vilivyojengwa kwa vioo. Udongo wa kiganjani tunajua ulikotoka. Otto alifariki kwa saratani mwaka 1923, mwanawe akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Hayo yanatusaidia, ila hayaamui kesi. Mtu aweza kumpenda sana baba aliyemtia hofu, na kifo huzidisha yote mawili.

Mimi naona umbo la shairi linasema zaidi kuliko wasifu. Ushairi wa Kiingereza hupimwa kwa mikazo, na hapa kila mshororo una mikazo mitatu, sawa na mapigo matatu ya dansi ya waltz. Lakini katika ubeti wa kwanza na wa tatu, mshororo wa pili na wa nne huishia kwa silabi ya ziada isiyo na mkazo. Mshororo unapepesuka. Ukisoma kwa sauti, ulimi wako unayumba pamoja na yule baba, na hujui kama kuyumba huko kunakuchekesha au kunakutisha. Mtoto naye hajui. Hakuna mahali anapocheka, wala mahali anapolia. Anasema tu kwamba dansi ile haikuwa rahisi, na kwamba alishikilia kama kifo kinavyoshikilia.

Tena anamsemesha nani? Hamsimulii jirani wala hakimu. Anamwambia baba mwenyewe, kwa nafsi ya pili, kwa wakati uliopita.

Sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili tuna mazoea yanayoweza kutupotosha hapa. Tumefunzwa fumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alifumba siasa za mji wake katika beti ambazo wenye habari waliweza kuzifumbua. Fumbo lina jibu, na mwerevu hulipata. Shairi la Roethke halina kitu kilichofichwa nyuma ya pazia: wiski ipo, jeraha lipo, shati lililong'ang'aniwa lipo. Anayetafuta jibu moja atalazimika kulifumbia macho mojawapo. Kwa maoni yangu mtoto huyu anaogopa na hataki kuachiliwa, vyote kwa wakati mmoja, na shairi limejengwa ili tusiweze kuvitenganisha.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu wanaolifundisha shairi hili. Swali la mtihani linalouliza kama baba ni mwema au mkatili tuliondoe. Mwanafunzi apewe shairi zima, aseme anaegemea upande gani, kisha aonyeshe mishororo inayompinga na aifafanue kwa bidii ileile. Alama nyingi ziwe katika sehemu hiyo ya pili.