Hilali ya Kampala na Elimu ya Televisheni



Televisheni ilianza Uganda mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Tangu hapo imelaumiwa mara nyingi kwa kuwapotezea watoto wakati, na lawama hiyo si bure. Lakini kisu kikatacho nyama ndicho kikatacho kidole; hukumu ni ya mkono ukishikao.

Yafaa kulipima jambo hili kwa mwezi mwandamo. Kila Mwislamu hujua kwamba hilali hutafutwa magharibi, jua linapokuchwa, na kwamba mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30. Sababu ni kuwa mwandamo mmoja hufuata mwingine baada ya siku 29 na nusu hivi. Hata hivyo, wengi hudhani kwamba mwezi hupungua kwa kufunikwa na kivuli cha dunia. Sivyo. Kivuli hicho huufikia wakati wa kupatwa tu. Siku nyingine zote jua huangaza nusu ya mwezi, na kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo inayoonekana duniani.

Maneno hayo ni mazito kwa mtoto. Lakini mwalimu wa televisheni aweza kuzima taa zote ila moja, iwe ndiyo jua, akanyoosha mkono wenye chungwa na kugeuka polepole. Chungwa litaandama, litajaa, litapungua, na mtoto atafahamu kwa dakika mbili.

Walakini, picha ya ugenini ina hatari yake. London hilali mara nyingi huonekana imesimama. Kampala, iliyo karibu na Ikweta, hulala chali kama mashua. Mtoto aliyeonyeshwa ile ya London tu, akitoka uani, atadhani ama mwalimu amekosea ama macho yake yamekosea. Sayansi ni moja ulimwenguni, lakini ufafanuzi wake hauna budi kuanzia pale asimamapo mwanafunzi.

Ndiyo maana vipindi vya nyumbani vina thamani. Ubongo Kids ilianza Dar es Salaam mwaka 2014, ikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020, mji huu wa Kampala ulizaa N*Gen, kipindi cha sayansi kinachoongozwa na walimu wanawake wa Kiafrika.

Shule zote zilifunguliwa tena Januari 2022. Katika muda huo mrefu, mtoto wa nyumba yenye televisheni alipata mwalimu. Jirani yake asiyekuwa nayo alikosa. Basi mwenye chombo na amfungulie mlango mtoto wa jirani, na kipindi kikiisha awatoe wote uani, kila mmoja na chungwa lake. Mtoto aliyetazama tu husahau upesi. Aliyejaribu kwa mkono wake hukumbuka.