Vijana Wanaowaongoza Wadogo Wao: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Tawi



Tumeombwa tuseme juu ya vijana wa Sarang'ombe wanaojitolea kuwaongoza wadogo wao. Pengine mtu atauliza, jambo hili lahusu nini chama cha wafanyakazi? Lahusu sana. Wengi wetu twakaa Gatwekera na Kisumu Ndogo, na wengine Kawangware. Twatoka nyumbani kabla ya jua, twarudi usiku. Mtoto wa miaka 13 akitoka shule saa kumi, nani humwona mpaka sisi turudi? Baba yuko njiani na nyundo yake, mama anafua nguo za watu mitaa ya matajiri. Basi anayemwona ni kijana wa jirani mwenye miaka 19 au 20. Huyo ndiye atakayempeleka pema, au pabaya.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili kwa macho. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, reli iling'olewa hapa Kibera, na mizigo ya kwenda Uganda ikakwama. Ninyi mliowahi kuinua kipande cha reli mwajua uzito wake. Hakiinuliwi na mtu mmoja. Mikono ilikuwa mingi, nayo ilikuwa ya vijana, na yuko aliyewaita wakaja.

Lakini mitaa hiyo hiyo ilikuwa na vijana walioitwa kwa kazi nyingine. Mwaka 1987 kule Mathare kilianza chama cha michezo cha vijana, MYSA. Desturi yake ni kwamba timu ya mpira hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, siyo kwa mabao peke yake. Na kijana anayefundisha timu ya watoto au kupuliza kipenga huhesabiwa kazi yake, nayo humsaidia kupata karo ya shule. Kijana mmoja aliyefanya kazi huko, Salim Mohamed, alikuja kuwa mmoja wa watu watatu walioanzisha Carolina for Kibera mwaka 2001. Wa pili alikuwa mwanafunzi Mmarekani, Rye Barcott. Wa tatu alikuwa muuguzi, Mama Tabitha Atieno Festo, aliyepewa dola 26, akauza mboga, akaweka akiba, akafungua zahanati nyumbani kwake. Alifariki mwaka 2004, na zahanati ina jina lake hata leo. Hapo Kibera timu ilitakiwa ichanganye makabila, jambo ambalo wakubwa wengi limewashinda.

Twapenda kukaa kidogo na habari ya wasichana. Mwaka 2002 lilianzishwa hapa kundi la Binti Pamoja. Wasichana walikutana, wakapiga picha za maisha yao, wakacheza michezo ya kuigiza, wakazungumza mambo ambayo nyumbani hayatajwi. Walipokua, wengine hawakutaka kwenda zao tu. Walifunzwa namna ya kuongoza, kisha kila mmoja akachukua kikundi cha wadogo, wakawa wanakutana kanisani, shuleni, au katika ukumbi wowote ulio wazi. Hiyo ndiyo kazi tunayoisema. Haihitaji jumba.

Na kwa nini kijana, siyo sisi wazazi? Kwa sababu msichana wa miaka 13 hatamwambia baba yake habari ya mwanamume anayemnunulia chipsi na kumlipia nauli. Atamwambia dada wa miaka 20 aliyepita njia ile ile juzi tu. Nasi tuseme kweli, tukifika nyumbani tumechoka na sauti yetu ni ya amri. Katika genge la reli pia, mgeni hafundishwi na mhandisi. Hufundishwa na mwenzake aliyemtangulia miaka miwili, amwonyeshe pa kushika na pa kuweka mguu asije akapondwa.

Sasa twafika panapouma. Kujitolea ni jambo jema, kufanyishwa kazi bure ni jambo lingine. Wako vijana wa kwetu walioambiwa wajitolee mahali kwa miezi mingi, wakiahidiwa cheti, na cheti hakikuja. Kuzoa taka za mji ni kazi ya kaunti na watu wake wa mshahara. Watoto wakishika reki Jumamosi moja wajue uchafu wa mtaa ni wao pia, vyema. Wakiwekwa kila wiki mahali pa mfanyakazi, hapo chama hakina budi kusema. Mwaka 2020, wakati wa korona, mpango wa Kazi Mtaani uliwalipa vijana kwa siku kwa kazi ya namna hiyo. Basi yajulikana kwamba ni kazi.

Kijana anayewaongoza wadogo asitoe nauli mfukoni mwake, wala asishinde njaa. Tena awe mtu anayejulikana na wazazi, na wawe wawili wawili, mahali ambapo mlango hauna kufuli. Siyo kila anayependa kukaa na watoto anawapenda.

Kwa hiyo twaleta hoja mbele ya mkutano huu. Ukumbi wa tawi, ambao Jumamosi mchana hukaa bure ila kwa wacheza drafti, ufunguliwe kwa vikundi viwili, kimoja cha wavulana na kimoja cha wasichana. Nauli na chai ya viongozi zitoke katika mfuko wa tawi, ziandikwe na kusomwa kila mwezi kama hesabu nyingine. Mwisho wa mwaka, kila kiongozi apewe barua yenye muhuri, isemayo alifanya nini na kwa muda gani, apate kuionyesha anapotafuta kazi.

Wacheza drafti watapewa meza nje, chini ya mabati. Katibu anayo daftari, na mwenye mtoto wa miaka 11 hadi 15 amwone kabla hatujapiga kura.