Nta Juu ya Rangi ya Motokaa Mpya
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Jambo tulilopewa kulinena ni dogo kwa sura yake, nalo ni namna ya kuilinda rangi ya motokaa mpya kwa nta. Huenda mmoja wenu akauliza moyoni, "Makarani tuna haja gani na mambo ya mafundi?" Jibu letu ni hili: wengi wetu hatukununua motokaa kwa fedha tuliyokuwa nayo sandukuni. Tumenunua kwa mkopo, na mkopo hukatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi, miaka mitatu au minne. Basi ni hasara kubwa rangi ikifa kabla deni halijafa.

Tuanze na habari ya mwenzetu mmoja, ambaye jina lake twalisitiri. Alipopata motokaa yake nyeusi, ing'arayo kama kioo, aliipenda mno. Kila alfajiri alitoka na kitambaa kikavu, akaipangusa vumbi toka boneti hata nyuma. Nasi tulipopita tulimsifu, tukasema, "Huyu ndiye ajuaye kutunza mali." Baada ya miezi michache, jua lilipoipiga boneti, tuliona mikwaruzo myembamba imeizunguka kama utando wa buibui. Akafadhaika, akaipeleka kwa fundi isuguliwe kwa mashine, ikang'aa tena. Lakini kitambaa kikavu hakukiacha, na mikwaruzo ikarudi. Akaipeleka mara ya pili, na mara ya tatu. Mwaka wa tatu rangi ya ukingo wa boneti ikaanza kubambuka kama gamba la nyoka, na deni lilikuwa bado. Mwenzetu huyu hakuwa mvivu. Bidii yake ndiyo iliyomponza, na sisi tuliomsifu tulikuwa na fungu letu katika kosa hilo.

Je, kosa lilikuwa wapi? Hatuna budi kujua kwanza rangi ya motokaa ni kitu gani. Juu ya bati la chuma kuna matabaka. La chini ni rangi ya msingi izuiayo kutu, kisha huja rangi yenyewe tuionayo, na juu kabisa lipo tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Matabaka yote pamoja unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au kuzidi kidogo. Klia peke yake ni kama maikroni 40 au 50, na mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Hiyo ndiyo ngao yetu yote.

Sasa, vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Apangusaye vumbi kavu apiga msasa motokaa yake kwa mkono wake mwenyewe. Na mashine ya fundi haiujazi mkwaruzo, bali huikwangua klia iliyouzunguka mpaka pawe sawa. Kwa hiyo kila kusugua ni kupunguza.

Hapa ndipo wengi wetu huchanganya polishi na nta. Polishi ya kusugulia hupunguza, nta huongeza. Nta ni kama kanzu: ikichakaa huvuliwa, ikavaliwa nyingine. Klia ni ngozi, nayo ikiisha haina kiraka ila kupaka rangi upya. Kazi ya nta basi si mng'ao tu. Ni kuchakaa yenyewe ili klia isichakae.

Nta ya asili isifiwayo sana hutoka Brazil, upande wa kaskazini mashariki, katika majani ya mti wa jamii ya minazi na mitende uitwao carnauba. Mti huo huyavika majani yake nta ili jua lisiyanyonye maji. Watu huyakata, huyakausha, na kuipukuta nta. Katika joto letu nta hiyo hudumu majuma kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu. Ziko pia dawa za kuzibia rangi zitengenezwazo viwandani, ambazo kwa kawaida hudumu zaidi. Lakini tusidanganyane: hakuna nta izuiayo jiwe la barabarani, wala iponyayo mkwaruzo uliokwisha kuingia.

Sisi tukaao Dar es Salaam tuna maadui wanne. Wa kwanza ni jua, ambalo mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba hutupita utosini. Mionzi yake huivunja klia polepole, na kivuli ni bora kuliko nta yo yote. Wa pili ni chumvi ya bahari ijayo na upepo. Wa tatu ni utomvu wa miti. Aegeshaye chini ya mwembe na atazame juu kwanza. Wa nne ni kunguru, ndege ambaye asili yake ni Bara Hindi, naye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890. Kinyesi cha ndege kina asidi, na kikikaa juani huacha alama katika klia. Kisikwanguliwe kwa ukucha. Kiwekewe kitambaa kilicholowa maji, kingojwe dakika chache mpaka kilainike, kisha kinyanyuliwe.

Tukija katika kazi yenyewe, taratibu ni hizi.

Kwanza, motokaa ioshwe kivulini, bati likiwa baridi. Imwagiwe maji mengi ili mchanga uondoke kabla mkono haujagusa.

Pili, ziwe ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji. Mwenye ndoo moja huurudisha mchanga alioutoa. Sabuni iwe ya magari. Ile ya vyombo huondoa mafuta, na nta huiondoa pia.

Tatu, ikaushwe kwa kitambaa laini, maana maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa.

Nne, nta ipakwe kidogo, nyembamba, sehemu baada ya sehemu, isiguse plastiki nyeusi. Ingojwe kama kopo lisemavyo, kisha ifutwe kwa kitambaa safi cha pili. Kitambaa kikianguka chini, kisirudi juu ya rangi.

Wengine hunena kwamba motokaa mpya isipakwe nta mpaka ipite miezi kadhaa. Neno hilo si la kila motokaa. Rangi ya kiwandani huokwa katika joto la digrii kama 140, nayo ikitoka imekwisha kukauka. Lakini iliyopakwa upya gereji hukauka polepole, na mvuke wake wahitaji njia ya kutokea. Hiyo ingoje siku 30 hata 90, kama fundi atakavyosema. Wengi wetu hununua motokaa zilizokwisha kutumika Japani, basi tuulize kwanza kama zilipakwa rangi tena.

Tutajuaje nta imekwisha? Tumwage maji juu ya boneti safi. Yakijikusanya matone ya mviringo, nta ipo. Yakitanda kama shuka, imekwenda. Nasi makarani, tuliozoea kuandika mambo ya watu wengine, tuandike na siku ya nta yetu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Liko neno moja tena. Motokaa nyingi uani mwa ofisi huoshwa na vijana, kila mmoja na ndoo moja na kitambaa kimoja, na mikwaruzo ikitokea huwa tunawakaripia. Mabwana na mabibi, haki iko wapi? Aliyempa kijana ndoo moja ndiye aliyeikwaruza motokaa. Tumnunulie ndoo ya pili na vitambaa, tumwonyeshe kazi kwa upole, na tumwongeze ujira, kwani kuosha vizuri huchukua muda zaidi.

Mwenzetu tuliyemtaja alipotaka kuuza motokaa yake, mnunuzi aliitazama boneti kabla hajauliza habari ya injini, akapunguza bei. Kizuri chajiuza. Mwenzetu amenunua nyingine, naye leo yumo humu ndani pamoja nasi. Ndiye aliyetuomba tuiseme habari hii, ili mwingine asilipe tena ada aliyokwisha kuilipa yeye.