Kura na Kibaba



Mwaka 1988 tulisimama mlolongo nyuma ya wagombea, na kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa mshindi. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa katika Katiba. Desemba 29, 1992 tukapiga kura ya siri, vyama vingi vikishindana. Tukadhani tumefika.

Kumbe hazina haikuwa na mlinzi. Miaka hiyohiyo kampuni ya Goldenberg ililipwa mabilioni ya fedha za umma kwa kudai inauza nje dhahabu na almasi, ilhali Kenya haichimbi almasi. Shilingi ikaporomoka; mwaka 1993 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Aliyeuza bunda la miraa hapa Igembe kwa bei ya jana alinunua unga kwa bei ya leo, na kibaba kikapungua.

Marekani nayo, ilipokuwa jamhuri changa, ilishindania Benki ya Taifa katika uchaguzi wa 1832: benki ni ya nani?

Basi tunawasihi: tukiisha kuchagua, tudai hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari.