Uso Usiosema: Tuwaelewe Wenzetu Wenye Usonji

(Mazungumzo yaliyotolewa Kaberebere mbele ya wazazi, walimu, wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji)



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya watu wenye usonji, hasa juu ya nyuso zao: jinsi zinavyoonyesha, au zinavyoshindwa kuonyesha, yaliyo moyoni. Huenda mtu akajiuliza: tuna shida ya chakula, ya mashamba, ya karo, kwa nini tukae kuzungumza habari za nyuso? Jibu langu ni kwamba sisi wakimbizi tunahukumiwa kwa uso kila siku. Mtoto huhukumiwa darasani, mama huhukumiwa kwenye foleni, kijana huhukumiwa mbele ya askari, na mzee huhukumiwa mbele ya ofisa anayesikiliza kesi yake. Kwa mtu mwenye usonji, hukumu hiyo mara nyingi huwa ya makosa, na gharama yake ni kubwa.

1. Usonji ni nini?

Usonji ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo au humjia akiwa mdogo sana, na ubongo wake hukua kwa njia tofauti na ya wengine. Huonekana katika mambo mawili makubwa. La kwanza ni mawasiliano: mtoto huchelewa kusema, au hasemi kabisa, au husema sana lakini kwa namna yake. La pili ni kupenda mambo yaleyale kwa utaratibu uleule, kurudia vitendo kama kupunga mikono au kuzungusha kitu, na kusumbuliwa mno na kelele, mwanga au nguo fulani. Wengine wanahitaji msaada maisha yao yote. Wengine husoma, huoa au huolewa, hufanya kazi, na jirani hajui kitu ila kwamba "yule mtu ni wa ajabu kidogo."

Hali hii si ya Wazungu peke yao. Daktari Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, na kabla yake Grunya Sukhareva alikwisha kuandika juu ya watoto wa namna hiyo huko Moscow katika miaka ya 1920. Hapa Uganda, Daktari Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake waliwachunguza watoto wa Kampala na Wakiso. Walichukua maswali kumi yaliyokuwa yakitumika zamani kutafuta ulemavu, wakaongeza 13 juu ya usonji, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2014. Watoto walionekana. Kwa hiyo wapo, hata huku kwetu ambako hatujawahesabu.

Tukubaliane pia juu ya mambo ambayo usonji siyo. Si laana, si uchawi, si pepo, wala si adhabu ya dhambi za mama. Hauambukizi. Hauletwi na chanjo ya surua: makala iliyoeneza habari hiyo mwaka 1998 huko Uingereza ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Mama yeyote anayemficha mtoto siku ya chanjo kwa hofu hiyo anamweka katika hatari ya bure.

2. Lugha yetu huamini uso

Ndugu zangu, sikilizeni Kiswahili chenyewe. Mtu mwema ana uso mkunjufu, mwenye bashasha. Mwenye hasira amekunja uso. Asiye na aibu ni mkavu wa macho. Wazee wakasema uso umeumbwa na haya. Maana yake tumelelewa kuusoma uso kama barua, na tunaamini kila mtu huandika barua hiyo kwa herufi zilezile.

Mtu mwenye usonji huandika kwa herufi zake. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya tafiti nyingi zilizofanywa juu ya jambo hili wakazilinganisha. Waliona kwamba watu wenye usonji huonyesha hisia usoni mara chache zaidi kuliko wengine, na kwa muda mfupi zaidi. Lakini hisia inapotokea usoni, nguvu yake haipungui. Tena wakati mwingine uso hausemi kile ambacho watu wanakitarajia. Mtoto anaweza kucheka kwenye msiba kwa sababu ya wasiwasi. Anaweza kuvunjika mkono na uso ukabaki kimya kama maji ya ziwa asubuhi. Huzuni imo, maumivu yamo; njia ya kutokea ndiyo iliyo tofauti.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Huona uso umetulia wakasema, "Huyu hana moyo." Wazazi wanaoishi na watoto hawa wanajua sivyo. Mtoto anayepita kama haoni mtu ndiye huyohuyo anayekataa kula siku dada yake asipokuwepo nyumbani.

3. Kutoelewana kuna pande mbili

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mwenye usonji ndiye asiyeelewa wengine. Mwaka 2012 mwalimu mmoja wa Uingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kasoro iko pande zote mbili: yeye hatuelewi sisi, na sisi hatumwelewi yeye.

Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake huko Edinburgh walilipima jambo hilo. Waliwapanga watu wanane wanane, wa kwanza akaambiwa hadithi, akampelekea wa pili, naye wa tatu, mpaka wa mwisho. Ni kama habari ya mgawo inavyotoka Base Camp ikafika Juru kwa midomo minane. Kundi la watu wenye usonji watupu lilihifadhi hadithi sawasawa na kundi la watu wasio na usonji. Lililopoteza zaidi ni kundi lililochanganywa. Maana yake watu wenye usonji wanajua kuwasiliana. Habari hupotea pale namna mbili za kuwasiliana zinapokutana bila kuzoeana.

Utafiti mwingine, wa Noah Sasson na wenzake mwaka 2017, uliwaonyesha watu picha na mikanda ya video ya wenye usonji wakizungumza. Watazamaji walitoa hukumu mbaya upesi: huyu simtaki kuwa rafiki, huyu wa ajabu. Lakini waliopewa maneno yale yale yameandikwa kwenye karatasi, bila sura na bila sauti, hawakuona tofauti yoyote. Waliyosema yalikuwa mazuri kama ya mtu mwingine. Sura na sauti ndizo zilizowaharibia.

4. Sisi wa Nakivale tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine

Makazi yetu yamepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wamekuja Wanyarwanda, Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Kila mmoja alikuja na uso wake.

Nani kati yetu, alipofika mara ya kwanza, hakumwuliza Mganda swali akangoja jibu, kumbe jibu limekwisha kutolewa? Mwenzetu aliinua nyusi tu, na hiyo kwake ni "ndiyo." Mwethiopia huvuta pumzi ndani kwa ghafla, nasi tukadhani ameshtuka, kumbe naye amesema "ndiyo." Mkongomani huonyesha njia kwa midomo, na mgeni akafikiri amekasirika. Hakuna aliyekuwa mgonjwa kati ya watu hao. Tulikaa pamoja, tukauliza, tukazoeana. Mwenye usonji anatuomba subira ileile. Tofauti ni kwamba yeye ni mgeni hata nyumbani kwa mama yake.

Jambo hili linagusa hata uchunguzi. Vitabu vingi vya Ulaya husema dalili kubwa ni mtoto kutomtazama mtu machoni. Kwetu, miongoni mwa Wanyankole, Wanyarwanda, Warundi na Wakongomani wengi, mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa. Tukitumia dalili hiyo peke yake tutawaita watoto wenye adabu wagonjwa. Afadhali tuangalie mengine. Je, mtoto wa mwaka mmoja na nusu huonyesha kwa kidole ng'ombe au ndege angani ili mama naye aone? Huleta kitu kuja kukuonyesha? Hugeuka akiitwa jina? Hucheza kupika kwa udongo kama wenzake? Alikuwa na maneno, kisha yakapotea? Hayo ndiyo ya kumweleza mhudumu wa afya.

Na tusikimbilie kusema ni usonji. Uso ulioganda unaweza kutoka kwa vita. Mtoto aliyeona nyumba ikichomwa Kivu au Ituri anaweza kunyamaza miezi mingi; huyo anahitaji msaada wa namna nyingine. Mwingine hasikii tu: apimwe masikio kwanza. Mwingine ana kifafa, au aliugua malaria iliyopanda kichwani. Tunaye pia mwenye usonji aliyepita vitani, ana yote mawili. Ndiyo sababu mtoto apelekwe kituo cha afya, na ikibidi aandikiwe kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambako iko idara ya magonjwa ya akili inayofanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Mbarara.

5. Hatari zinazotukabili

Ya kwanza iko shuleni. Mwalimu anamkaripia mtoto, mtoto anatabasamu. Mwalimu anasema, "Unanicheka?" Fimbo inafuata, na mtoto anazidi kutabasamu kwa hofu. Walimu wetu wakumbuke kwamba sheria ya watoto ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakataza adhabu ya viboko shuleni kwa mtoto yeyote.

Ya pili iko nyumbani. Mtoto hufungwa kamba au kufungiwa ndani. Sisemi haya kumshtaki mzazi. Mama aliye peke yake, anayekwenda kulima ili watoto wale, huku barabara na ziwa viko karibu, hufunga kamba kwa sababu hana wa kumwachia mtoto. Kamba ile ni lawama yetu sisi majirani.

Ya tatu iko kwenye mahojiano. Mtu anaulizwa jinsi baba yake alivyouawa, naye anajibu kwa sauti moja, uso mkavu, akitazama ukuta. Tena anaeleza tarehe na rangi ya gari kwa urefu lakini halii. Msikilizaji anaweza kufikiri hadithi imekaririwa. Kitabu cha mwongozo cha UNHCR cha mwaka 1979 kinaeleza kwamba mwombaji ambaye akili yake imesumbuka ahojiwe kwa njia inayomfaa, ripoti ya daktari ipatikane inapowezekana, na ushahidi mwingine upewe uzito zaidi. Usonji si wazimu, lakini busara ile inafaa hapa pia. Familia ina haki ya kusema mapema, kabla ya mahojiano: "Ndugu yetu uso wake hauonyeshi, msikilizeni maneno yake." Mwenye karatasi ya daktari aende nayo, na abaki na nakala.

6. Tufanye nini?

Kwanza, tuulize badala ya kukisia. "Unaumwa? Wapi?" Asiyesema aonyeshe kwa kidole kwenye picha iliyochorwa kwa mkono. Kadi ya maji, ya chakula, ya choo na ya maumivu zinatosha kuanzia.

Pili, tuseme hisia zetu kwa maneno. Usikunje uso ukitegemea mtoto ataelewa. Mwambie, "Nimekasirika kwa sababu umemwaga maji."

Tatu, tusimlazimishe kututazama. Wengi wao husikia vizuri zaidi wakitazama pembeni. Kaeni ubavu kwa ubavu, mkimenya ndizi au mkichambua maharage. Ukiuliza, hesabu polepole mpaka kumi kabla ya kuuliza tena.

Nne, kwenye foleni, tuwaache wapite mbele. Kelele na msongamano huwaumiza. Kama kuna mashine ya kupima macho au vidole, mtoto aelezwe siku moja kabla, aonyeshwe kitakachotokea hatua kwa hatua.

Tano, viongozi wa vijiji wapange zamu. Familia tano zikishika asubuhi moja kila moja, mama yule anapata wiki ya kulima, na kamba inawekwa kando.

Sita, shule ziwapokee. Nairobi na Dar es Salaam kuna shule za msingi za serikali zenye madarasa ya watoto wenye usonji. Uganda iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkimbizi mwenye ulemavu hakuachwa nje ya mkataba huo. Kamati ianze kwa kuandikisha majina, kwa ridhaa ya wazazi na kwa siri, ili tukienda kuomba mwalimu tujue tunamwombea nani.

Ndugu zangu, wazee wamesema hujafa hujaumbika. Nasi tuliovuka mpaka tunajua jinsi inavyouma kusema kweli usiaminiwe kwa sababu ya jinsi unavyoonekana. Tusimfanyie mwenzetu jambo hilo ndani ya makazi yetu wenyewe. Mtoto ambaye uso wake hausemi ana mikono, ana macho, ana vitu anavyovipenda na anavyovikimbia. Tukivitazama hivyo kwa siku kadhaa tutajua anachotaka.

Baada ya mazungumzo haya wahudumu wa afya watabaki hapa. Mzazi mwenye swali asione haya, awaone kabla hajaondoka.