Jina la Mwenzako Usilitembeze Bila Kufuli

(Hii ni mada niliyoitoa Jumamosi iliyopita kwenye semina ya makatibu vijana wa kata. Wengi mliomba maandishi, haya hapa.)



Nimepewa nusu saa kuzungumzia usalama wa taarifa zetu. Mimi nasoma sheria, si fundi wa kompyuta, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nadhani nimepewa mada hii kwa sababu moja tu: mimi ndiye niliyepoteza flashi.

Wengine mnajua habari hii, wengine mlisikia nusu. Nilitoka steshenari kuprinti orodha ya vijana waliojitolea kuwa mawakala. Nikapanda daladala, imejaa, nimesimama karibu na mlango, flashi iko mfuko wa nje wa begi. Nafika nyumbani, zipu iko wazi. Ndani ya ile flashi kulikuwa na majina 43, namba za simu, mtaa anaokaa kila mtu, na safu moja niliyoiongeza mwenyewe kwa kujifanya mpangaji mzuri: kazi anayofanya. Hakuna neno la siri, hakuna chochote. Aliyeiokota alichomeka tu, akasoma.

Nilikaa siku mbili nampigia mmoja mmoja. Wengi walinionea huruma. Mmoja, binti anayefundisha kwa mkataba, alinyamaza kidogo kisha akaniambia: "Dada, jina langu nilikupa wewe. Sikulipa daladala." Akaomba nimtoe kwenye orodha. Nikamtoa. Sijasikia kwamba kuna baya lililompata, lakini analala na wasiwasi ambao nimempelekea mimi. Kila nikiikumbuka ile simu nasikia aibu.

Sasa tuje kwenye sheria, maana ndiyo fani yangu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu. Juu ya hiyo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hiyo inazitaja taarifa nyeti, na humo yamo maoni ya kisiasa ya mtu. Sasa orodha ya mawakala ni nini kama si maoni ya kisiasa ya watu 43, tena na anwani zao? Sisi huwa wepesi kudai serikali iheshimu taarifa za wananchi, na tunadai kwa haki. Lakini anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, na hapo sheria haiulizi kama ni wizara au ni katibu kijana wa kata mwenye flashi ya elfu kumi.

Msidhani ni sisi tu. Mwaka 2008 Uingereza, kampuni iliyokuwa inafanya kazi za Wizara ya Mambo ya Ndani ilipoteza flashi yenye taarifa za wafungwa wote wa England na Wales, kama 84,000. Haikuwa imefungwa. Mwaka 2017 mtu aliokota flashi barabarani London, ndani yake kuna mafaili zaidi ya elfu moja ya uwanja wa ndege wa Heathrow. Nayo haikuwa imefungwa. Mwaka uliofuata uwanja ukapigwa faini ya pauni 120,000.

Linganisheni na Japani, mji wa Amagasaki, Juni 2022. Mfanyakazi aliyekuwa anashughulikia kazi ya mji alienda kunywa, akalala njiani, akaamka begi halipo. Ndani kuna flashi yenye taarifa za wakazi wote, zaidi ya 460,000. Uzembe wa hali ya juu! Lakini ile flashi ilikuwa imefungwa kwa neno la siri na usimbaji fiche, na begi likapatikana baada ya siku chache. Kichekesho ni kwamba kwenye mkutano na waandishi, ofisa wa mji alitaja kuwa neno la siri lina herufi na tarakimu 13. Watu mtandaoni wakaanza kubahatisha: jina la mji ukiongeza mwaka, si ni 13 kamili? Kwa hiyo hata ukifunga, usiwaambie watu umbo la ufunguo.

Usimbaji fiche maana yake ni hii: kila kilichomo kinavurugwa kwa hesabu kiasi kwamba bila neno la siri mtu anaona takataka. Ni tofauti na kuficha folda. Ni tofauti pia na kufuta faili, kwa sababu faili lililofutwa kwa njia ya kawaida mara nyingi linarudishwa kwa programu za bure.

Namna ya kufanya. Kama kompyuta yako ina Windows toleo la Pro, ingiza flashi, bonyeza kulia juu ya jina lake, washa BitLocker, weka neno la siri. Itakupa ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Uandike, uuweke nyumbani mahali salama, usiuweke kwenye begi moja na flashi. Toleo la Home haliwezi kuifunga flashi kwa BitLocker, ila linaweza kuifungua iliyokwisha kufungwa. Asiye na Pro atumie VeraCrypt, ni ya bure. Kabla ya kufunga, hamisha kwanza vilivyomo, maana ukichagua kufunga flashi nzima kwa VeraCrypt inaweza kukufutia vyote.

Neno la siri lisiwe jina la chama na mwaka wa uchaguzi, jamani. Chukua maneno matano au sita yasiyohusiana, uyaunganishe. Na likae kichwani. Mwaka 2013 David Miranda alizuiliwa Heathrow karibu saa tisa, amebeba nyaraka zilizosimbwa za waandishi wa habari. Serikali ya Uingereza ilieleza mahakamani kwamba alikutwa pia na karatasi yenye neno la siri lililosaidia kufungua sehemu ya nyaraka hizo. Kufuli na ufunguo mfuko mmoja!

Upande wa pili, ukisahau umekwisha. Yupo mtaalamu wa programu Marekani, Stefan Thomas, mwenye bitcoin 7,002 ambazo ufunguo wake uko ndani ya flashi ya IronKey inayoruhusu kubahatisha mara 10 tu. Alishatumia nafasi nane. Kwa hiyo weka nakala ya pili, kwenye flashi nyingine iliyofungwa vilevile, mikononi mwa kiongozi mwingine.

Niseme pia yale ambayo kufuli haliwezi. Ukishaifungua flashi kwenye kompyuta ya steshenari, iko wazi kwa kompyuta hiyo. Inaweza kubeba virusi, na faili linaweza kubaki pale. Ukitaka kuprinti, peleka flashi nyingine yenye ukurasa ule mmoja tu. Fomu ya matokeo si siri, hiyo inahitaji nakala nyingi kwa watu wengi, haraka. Msije mkafungia matokeo halafu neno la siri analo mtu mmoja aliyezima simu.

Na kufuli si ruhusa ya kuvunja sheria. Akija ofisa na amri ya upekuzi, omba uione, andika jina na muda, piga simu kwa wakili wa chama kabla ya kujibu chochote. Usifute wala usivunje flashi. Kuharibu data ili kukwamisha uchunguzi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na utakuwa umewapa kesi ambayo hawakuwa nayo.

Lakini ulinzi mkubwa kuliko wote hauhitaji programu: usikusanye usichokihitaji. Ile safu ya kazi niliyoiongeza haikumsaidia mtu yeyote. Isingekuwepo, yule mwalimu angekuwa jina tu kati ya majina.

Naomba kila katibu, kabla ya kikao kijacho, afanye mambo matatu. Fungua orodha yako ufute safu zisizo na kazi. Funga flashi yako. Kisha mwambie mwenyekiti wako nakala ya pili iko kwa nani.

Mtu akikupa jina lake katika nchi hii, kwa upande wetu huu, amekupa kitu kizito. Tukibebe hivyo.